Tando Tatu, Shimo Moja

Swali lilianzia kwenye kimbweta. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tuingie UE, jua limeshazama, na dada mmoja wa uhandisi wa kemikali alikuwa anabukua themodinamiki. Mimi, mtu wa fizikia, nikajitia kumwongezea maarifa. Nikamwambia hata shimo jeusi lina entropi. Akafunga daftari, akanitazama. "Entropi si ni hesabu ya mipangilio?" akauliza. "Gesi ina entropi kwa sababu molekuli zake zinaweza kukaa kwa namna nyingi sana na wewe wa nje usione tofauti. Haya, kwenye shimo jeusi kinachopangwa ni nini?"

Nikamjibu, "Mambo ya kwanta hayo." Jibu la kukimbia. Akacheka, akarudi kwenye daftari lake. Makala haya ni deni langu kwake, na nimechelewa kulilipa kwa semesta nzima.

Tuanze na ukubwa wa tatizo, maana swali lake si la utani. Mwaka 1972 Jacob Bekenstein, akiwa mwanafunzi wa uzamivu pale Princeton, alipendekeza kwamba shimo jeusi lina entropi inayolingana na eneo la upeo wake, yaani ule mpaka ambao ukishauvuka hurudi tena. Mwaka 1974 Stephen Hawking akakokotoa kwamba shimo jeusi lina joto na linatoa mnururisho, na kanuni ikakamilika: chukua eneo la upeo, lipime kwa vizio vya Planck, gawanya kwa 4. Basi. Ukilibana Jua letu mpaka liwe shimo jeusi, upeo wake utakuwa na rediasi ya kilomita 3 hivi na entropi yake itakuwa karibu 10 kwa kipeo cha 77. Jua lenyewe, pamoja na gesi yake yote inayochemka, lina 10 kwa kipeo cha 58 tu. Mrundo wa tarakimu hauna maana mpaka ukumbuke kwamba entropi ni logi ya idadi ya mipangilio. Idadi yenyewe ni kubwa kiasi kwamba hata kuiandika haiwezekani.

Sasa geukia upande wa pili. Nadharia ya Einstein inasema shimo jeusi lililotulia linaelezwa na namba tatu: masi, mzunguko na chaji. Hakuna kingine. Mipangilio yote hiyo imejificha wapi? Na kama haipo, balaa ni kubwa zaidi ya swali la mtihani. Ukichoma cheti chako, moshi na majivu bado vina habari yote ya kile kilichoandikwa, angalau kwa kanuni. Ukikitupa kwenye shimo jeusi, na shimo likayeyuka kwa mnururisho wa Hawking bila kukumbuka chochote, basi habari imefutika duniani, na mekanika ya kwanta kama tunavyofundishwa ina kasoro kwenye msingi. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyeweza kuonyesha hata shimo jeusi moja ambalo mipangilio yake imehesabiwa na jibu likaoana na eneo.

Januari 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa wakahesabu. Shimo lao halikuwa la nyota iliyokufa. Lilijengwa kwa vitu vinavyoitwa brani, vikiwa vimekatana. Nataka nionyeshe kwa nini vilipaswa kukatana, kwa sababu hesabu yake, utashangaa, ni ya kujumlisha sehemu. Nyuma ya bahasha inatosha.

Brani ni nini? Neno limekatwa kutoka lile la Kiingereza lenye maana ya utando, na kwa bahati sisi neno tunalo tayari: utando, tando. Chukua elektroni. Ni nukta, na imezungukwa na uga wa umeme. Nukta haina mwelekeo hata mmoja wa kutandaa. Mwaka 1978, huko Paris, Eugène Cremmer, Bernard Julia na Joël Scherk waliandika nadharia ya graviti yenye mielekeo 11, yaani 10 ya anga na mmoja wa wakati. (Wengine husema dimensheni. Mimi nitasema mielekeo, kwa sababu ndicho kinachohesabiwa: ni njia ngapi tofauti unaweza kusogea.) Ndani yake kuna uga mmoja unaofanana na wa umeme, isipokuwa haushikani na nukta. Unashikana na kitu kilichotandaa kwenye mielekeo miwili, kama shuka. Hicho ndicho utando, jina lake la kazi M2. Una mwenzake aliyetandaa kwenye mielekeo mitano, M5. Jiometri ya M2 iliandikwa na Michael Duff na Kellogg Stelle mwaka 1991, na ya M5 na Rahmi Güven mwaka 1992. Mkumbuke huyu Güven, tutamrudia.

Na hiyo mielekeo ya ziada iko wapi? Imeviringishwa. Mkeka uliotandikwa una urefu na upana. Uviringishe, usogee mbali, utaona kijiti. Wazo hilo ni la zamani, la Theodor Kaluza mwaka 1921 na Oskar Klein mwaka 1926.

Sasa jiometri. Watu wanaliogopa neno metriki bure. Metriki ni kama ubao wa duka la kubadilishia fedha: unakuambia hatua moja kwenye ramani ni sawa na hatua ngapi halisi, hapa ulipo. Karibu na utando viwango vya ubao huo vinabadilika, na vyote vinatokana na fanksheni moja, tuiite H. Mbali na utando, H ni 1 na ramani inasema ukweli. Ukikaribia, H inakua bila kikomo. Kwenye mielekeo miwili ambayo utando umeilalia, urefu halisi ni urefu wa ramani mara H kwa kipeo cha -1/3, kwa hiyo unasinyaa. Kwenye mielekeo minane iliyobaki kipeo ni +1/6, kwa hiyo unatanuka. Saa inafuata mielekeo ya utando: -1/3, inachelewa. Kariri hizo namba mbili, -1/3 na +1/6. Zilizobaki zote zinatoka humo.

Kabla ya kukatanisha tando inabidi tujue kama zitakubali kukaa pamoja bila kuvutana. Kwa nukta jambo hili linajulikana toka 1947, Majumdar na Papapetrou walipoonyesha kwamba mashimo meusi yenye chaji ya kiwango maalumu yanaweza kusimama jirani daima, graviti ikivuta na umeme ukisukuma, nguvu sawasawa. Jaribu mwenyewe kwa Newton na Coulomb. Mpira wa kilo 1 unahitaji chaji ya kulombi 8.6 × 10 kwa kipeo cha -11 ili usimame tuli mbele ya pacha wake angani. Hizo ni elektroni za ziada kama milioni 540, ambazo ni chache mno. Mimi nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Kwa tando, weka moja kubwa iwe mwenyeji, na ndogo ije kama mgeni. Nishati ya mgeni inategemea vitu viwili: kasi ya saa pale alipo, na eneo lake. Akilala sambamba na mwenyeji, saa inampa -1/3 na pande zake mbili zinampa -1/3 mara mbili. Jumla ni -1. Nishati inashuka kadiri anavyokaribia, maana yake anavutwa. Lakini uga ule wa nadharia unamsukuma kwa kipeo kilekile cha -1, na mambo yanafutana. Ni Majumdar na Papapetrou tena, kwa mavazi mengine.

Utamu unakuja mgeni akilala kwa kukata. Mwenyeji yuko kwenye mielekeo ya 1 na 2, mgeni kwenye ya 3 na 4, wanakutana kwenye nukta tu. Uga haumsukumi, kwa kuwa hawalali upande mmoja. Tubaki na graviti peke yake: saa -1/3, upande mmoja +1/6, wa pili +1/6. Jumla sifuri! Saa inachelewa, eneo linatanuka, na kimoja kinafidia kingine bila kubaki hata chembe. Mgeni hasikii kitu. Je, wakishirikiana mwelekeo mmoja? Saa -1/3, upande wa pamoja -1/3, mwingine +1/6, jumla -1/2. Anavutwa na hakuna wa kumsukuma, kwa hiyo watagongana. Hapo umepata kanuni ya kukatana: M2 na M2 hukutana kwenye nukta. Watu huipokea kanuni hii kama sheria iliyoshuka kutoka juu, na makala nyingi za kitaalamu zinaianza hivyohivyo. Kumbe ni sehemu tatu za kujumlisha.

Machi 1996 George Papadopoulos na Paul Townsend waliichukua jiometri moja ya Güven ya mwaka 1992, iliyokuwa ikitazamwa kama kitu kimoja kilichotandaa kwenye mielekeo sita, wakaonyesha kwamba ni tando tatu za M2 zinazokatana kwenye nukta. Miaka minne kitu kipo mezani, na hakuna aliyeona kuwa ni vitatu. Mwezi uliofuata Arkady Tseytlin akaandika kanuni ya jumla: kila brani ije na H yake, na viwango vya ubao vya kundi zima unavipata kwa kuzidisha vya mmojammoja. Vipeo vinajumlishwa, kama Kidato cha Pili.

Basi tujumlishe. Utando wa kwanza uko kwenye mielekeo ya 1 na 2, wa pili kwenye 3 na 4, wa tatu kwenye 5 na 6. Mielekeo hii sita imeviringishwa. Inabaki minne mikubwa, ambako mtazamaji wa nje anaishi, akiona kitu kimoja kidogo mbele yake. Hapo H ni 1 + R²/r², r ikiwa umbali wako na R ikikua kadiri unavyorundika tando nyingi za aina hiyo.

Anza na utando mmoja. Mielekeo yake miwili inasinyaa mpaka sifuri, mingine minne iliyoviringishwa inatanuka bila kikomo. Ujazo wao wa pamoja haubadiliki, kwa kuwa -1/3 mara mbili na +1/6 mara nne vinafutana. Tufe linalouzunguka lina pande tatu, kila upande +1/6, jumla 1/2. Kwa hiyo eneo ni 2π² mara r³ mara kipeuo cha pili cha H. Peleka r kwenye sifuri: unabaki na R mara r², na hiyo inakufa. Eneo ni sifuri, hakuna upeo wa maana, hakuna entropi. Kuna mkwaruzo tu kwenye anga-wakati, mahali jiometri inapovunjika.

Ongeza wa pili. Sasa ni vipeuo viwili. Eneo linaelekea R1 mara R2 mara r. Linakufa bado, ila polepole.

Ongeza wa tatu. Vipeuo vitatu vinatoa 1/r³, na hiyo inakula r³ yote iliyokuwa inaliua eneo. Kinachobaki ni 2π² R1 R2 R3. Eneo halifi. Unasogea, unasogea, na tufe linagoma kupungua. Huo ndio upeo. Na tazama ile mielekeo sita: mwelekeo wa 1 unapata -1/3 kutoka utando wake na +1/6 mara mbili kutoka kwa wenzake. Sifuri tena! Kila mmoja anabana pale wawili wanapotanua, na mikono mitatu ikishika pamoja hakuna kinachobomoka. Ndiyo maana kukatana si urembo. Brani moja peke yake, uirundike mara milioni, haikupi shimo jeusi lenye upeo wa eneo. Tatu zikikatana zinakupa.

Gawanya eneo kwa 4 za Hawking na Bekenstein, weka idadi ya tando badala ya R, na entropi inatoka 2π mara kipeuo cha pili cha N1 × N2 × N3. Vizio vyote vimejifuta. Ukubwa wa mkeka ulioviringishwa, nguvu ya graviti, vyote vimetoweka, na zimebaki namba kamili tatu. Ukiona fomula ya jiometri inaishia kwenye namba kamili tupu, ujue kuna kitu kinahesabiwa.

Kuhesabu kwenyewe ni rahisi zaidi katika vazi jingine la shimo hilihili. Nadharia ya nyuzi ina mabadiliko yanayogeuza tando zetu tatu kuwa brani za mwelekeo mmoja, brani za mielekeo mitano, na mwendo unaokimbia kwenye duara wanalolishiriki. Strominger na Vafa walifanya kazi kwenye familia hiyo. Swali linakuwa: una vifungu N vya mwendo, unaweza kuvigawa kwa mitetemo namna ngapi? Wanahisabati wanalijua swali hili. Namba 5 unaweza kuigawa kwa jumla za namba kamili kwa njia 7 (jaribu). Namba 100, kwa njia 190,569,292. Mwaka 1918 Hardy na Ramanujan walitoa fomula ya jinsi idadi hiyo inavyokua: logi yake hufuata kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Kwa brani, mitetemo ni ya aina nyingi kuliko moja, na wingi wa aina hizo unakua kwa N1 × N5. Ukifuata hesabu hadi mwisho, logi ya idadi ya mipangilio ni 2π mara kipeuo cha pili cha N1 × N5 × N. Hata ile 4 ya kugawanya imetokea, pale pale inapotakiwa. Hakuna namba iliyochezewa ili jibu likubali.

Kwa hiyo, dada yangu, jibu la kimbweta: kwenye shimo hili, kinachopangwa ni mitetemo ya brani kwenye makutano yao.

Nisikuuzie mbuzi kwenye gunia, hata hivyo. Shimo hili lina joto la sifuri kabisa na chaji ya kiwango cha mwisho. Lile la M87, lenye masi ya Jua bilioni 6.5 na ambalo picha yake tuliiona Aprili 2019, linazunguka na halina chaji ya namna hiyo, na halijahesabiwa hivi. Usawa kati ya hesabu na eneo unalindwa na supasimetri, ulinganifu ambao unazuia idadi isibadilike unapotoka kwenye graviti dhaifu, ambako tunaweza kuhesabu, kwenda kwenye graviti kali, ambako shimo lipo. Bila kinga hiyo daraja halipo. Na hakuna jaribio lolote la maabara lililowahi kuona mwelekeo wa 5, achilia mbali wa 11.

Kuna jingine ambalo vitabu hulipitia haraka, nami lilinisumbua zaidi. Niliposema tando tatu zinakatana kwenye nukta, nilikudanganya kidogo. Ili H iwe fanksheni ya r peke yake, utando wa kwanza lazima usambazwe sawasawa kwenye mielekeo minne ya wenzake, kama siagi kwenye mkate. Hauko mahali pamoja. Uko kila mahali kwa wastani. Kukatana kwa kweli, nukta ikiwa nukta, ni milinganyo migumu zaidi, na nyingi kati ya suluhisho nzuri tunazosifia ni za kusambaza. Samir Mathur na wenzake wametoka na hoja kali kuhusu hili: kwamba upeo wenyewe ni tunda la wastani huo, na kwamba ukiuchukua mpangilio mmojammoja bila kusambaza utakuta kitu chenye manyoyamanyoya kisicho na upeo wowote, na habari ya cheti chako ingali pale juu. Kwa brani za aina mbili wameonyesha mengi. Kwa aina tatu, ambako eneo haliko sifuri, ubishi unaendelea. Mimi naegemea upande wa Mathur, ila nikiri ni kwa kupenda kuliko kwa ushahidi.

Zile za 1996 zote ziko arXiv bure, bando la siku moja linazishusha. Anza na Tseytlin, ruka kurasa za mwanzo.

Na kama unataka kazi ya kupitisha muda kwenye foleni ya kafeteria, chukua M5. Vipeo vyake ni -1/6 kwenye mielekeo mitano iliyoilalia na kwa saa, +1/3 kwenye mitano iliyobaki. Hakikisha kwanza kwamba M5 mbili hukubaliana zikishiriki mielekeo mitatu. Kisha zikatanishe tatu, zote zikishiriki duara moja y, ili ubaki na anga yetu ya kawaida ya mielekeo mitatu, ambako H ni 1 + R/r. Utaona eneo zima la upeo, yaani tufe pamoja na duara y, linakufa kwa kipeuo cha r: brani tatu hazitoshi hapa, anahitajika mtu wa nne. Mtafute kwa kuangalia duara y linapatwa na nini. Ukikwama, mimi jioni nipo kimbweta kilekile.